Maziwa na matufaha

Leo mchana nimenunua nakala iliyokwishatumika ya Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka 1945 baada ya wachapishaji kadhaa kuikataa. Jalada limechanika pembeni na kurasa zimekuwa za manjano.

Niliisoma nikiwa mwanafunzi, na kilichonibaki kichwani ni mwisho wa Boxer, yule farasi mchapakazi aliyeuzwa akachinjwe. Kwa hiyo nilitarajia kwamba msomaji aliyenitangulia, ambaye amepiga mistari ya penseli huku na huko, angeutia alama ukurasa huo kuliko mwingine wowote.

Sivyo. Ukurasa huo hauna alama hata moja.

Penseli imekandamizwa mwanzoni kabisa, pale nguruwe wanapojitwalia maziwa na matufaha kwa madai kwamba wao ndio wenye kazi ya kufikiri kwa niaba ya wote. Karatasi imekaribia kutoboka, na pembeni yapo maneno mawili tu, kwa mwandiko mdogo:

"Tulinyamaza hapa."

Tangu hapo sijaweza kuendelea kusoma. Orwell mwenyewe aliandika katika barua kwamba hapo ndipo kisa kinapogeuka, nami miaka yote nimekuwa nikipapita haraka, kwa sababu Amri Saba, zile sheria wanyama walizojiwekea baada ya kumfukuza mwenye shamba, bado zilikuwa ukutani, hazijabadilishwa hata neno.

Ninaliwaza sana hilo "tu". Hakuandika "walinyamaza".

Ndugu zangu mlioisoma, ni ukurasa gani uliowagusa ninyi? Niandikieni hapa chini, nitasoma yote.