Kati ya Majabali kwa Baiskeli: Siku Moja Kutoka Mwanza Hadi Daraja la Kigongo–Busisi

Wengi wanaopanga kuendesha baiskeli Mwanza huulizia habari za kupanda. Cha kuulizia kwanza ni kushuka. Mlima ukikushinda unateremka kwenye kiti, unasukuma baiskeli, yameisha. Mteremko haukupi nafasi hiyo. Breki zikikataa kwenye kona iliyobanwa na mawe kulia na kushoto, na huku bodaboda inapanda, hakuna pa kukimbilia. Kwa hiyo tunaanza na breki, njia itafuata.

Baiskeli nyingi za hapa zina breki za kubana rimu. Ilaze au ipindue, zungusha gurudumu polepole, tazama raba za breki. Zile ambazo mifereji yake imefutika zibadilishwe bila mjadala. Zile ambazo bado ni nene nazo usizipitishe hivi hivi, zichungulie usoni. Majabali ya Mwanza yakimomonyoka huacha changarawe ya punje ngumu, zenye ncha, na punje hizo hujichomeka ndani ya raba. Elekeza uso wa raba kwenye jua utaziona zinametameta. Zichomoe kwa sindano moja baada ya nyingine, kisha sugua raba kwa msasa mpaka uso wake uwe mweusi usiong'aa. Ule mlio wa kusagika unaosikika mtu akishuka ni rimu inaliwa, na rimu iliyobonyea ubavuni hupasuka siku moja bila kubisha hodi.

Kati ya raba na rimu acha milimita 2 hadi 3. Ncha ya mbele ya raba iguse rimu kidogo kabla ya ncha ya nyuma, tofauti kama milimita 1, breki hazitapiga kelele. Ukibana mkono wa breki kwa nguvu zote, bado vidole viwili vipite kati yake na usukani. Halafu bana tena na uchungulie pale kichwa cha waya kinapokaa ndani ya mkono wa breki: ukiona uzi mmoja umekatika, waya wote umekwisha, maana hizo nyuzi nyingine zinabeba mzigo wa mwenzao. Waya wa breki una unene wa milimita 1.6 au karibu na hapo, wa gia ni milimita 1.2. Duka likikosa wa breki, usikubali kufungiwa wa gia. Utavuta vizuri tu mjini, utakatika mlimani.

Baiskeli kubwa nyeusi zenye breki za vyuma na rimu za chuma zinafaa sana kubeba mzigo tambarare, na nusu ya mkoa huu imelishwa kwa hizo. Kwenye miteremko mikali hazitoshi, na rimu ya chuma ikilowa ndiyo kabisa. Ukiwa nayo, shuka kwa miguu.

Namna ya kushuka: punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri kufika ndani yake. Sogeza makalio nyuma ya kiti, tumia breki zote mbili, ya mbele ikifanya kazi kubwa lakini kwa mkono laini. Bana, achia, bana, achia. Anayeburuza breki kutoka juu hadi chini huchemsha rimu, na rimu ya moto hupandisha upepo ndani ya tyubu mpaka ipasuke au kiraka kiachie. Mvua ikinyesha, anza kubana mapema zaidi, kwa sababu mizunguko ya kwanza ya gurudumu huwa inafuta maji tu. Mitaa ya vilimani mjini, ile iliyotandikwa mawe yaliyochongwa, ni mizuri ikiwa mikavu. Ikilowa ni utelezi mtupu: usikate kona ukiwa umebana breki ya mbele.

Sasa gia. Baiskeli isiyo na gia, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, husogea karibu mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwenye kilima kikali hapo ni kusimama juu ya pedali na kuumiza magoti. Yenye gia, ukiweka meno 28 mbele na 32 nyuma kwenye gurudumu la inchi 26, husogea kama mita 1.8 kwa mzunguko. Unapanda umekaa, unapumua, unaweza hata kusalimia watu. Badilisha gia kabla mlima haujaanza kukuuma. Ukibadilisha ukiwa umekanyaga kwa uzito wote, mnyororo unaruka meno au unakatika.

Kwenye tairi kuna mtego unaowapotezea watu safari nzima. Ukienda dukani ukasema "nipe tyubu na tairi namba 28", kuna aina mbili zinazoitwa hivyo. Ya baiskeli kubwa nyeusi ina kipenyo cha milimita 635, ya baiskeli nyepesi za safari ina 622. Tairi ya moja haikai kwenye rimu ya nyingine, hata fundi apige nyundo. Soma ubavuni mwa tairi, utaona maandishi kama 37-622 au 40-635: namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Za inchi 26 za milimani husomeka 559. Iandike kwenye karatasi ubebe. Upepo, kwa tairi ya milimita 40, paundi 50 hadi 60 zinatosha. Ukijaza kupita hapo, kwenye changarawe utarukaruka na kukosa mshiko.

Njia yenyewe ni hii. Toka katikati ya jiji kwa Barabara ya Kenyatta, kupitia Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, mpaka Usagara. Hapo kata kulia kuelekea Kigongo, vuka daraja, gusa Busisi, geuza. Kwenda na kurudi inakaribia kilomita 70. Ziwa liko upande wako wa kulia muda mwingi wa kwenda, milima ya mawe kushoto.

Ondoka saa 12 na nusu asubuhi, mwanga ukianza tu, na sababu ni upepo. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, nao ni mwepesi. Jua likipanda, ardhi hupata moto haraka kuliko maji, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani kuja bara, ukikazana kuanzia saa 5 hivi. Kwa anayerudi Mwanza kutoka Usagara, huo unampiga usoni. Ukiwa darajani saa 3 na ukapita Usagara kabla ya saa 5, umekwepa sehemu kubwa ya adhabu. Ukichelewa, afadhali upumzike kivulini kuliko kupigana nao ukiwa umechoka. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na ndiyo mizuri zaidi. Kipindi cha mvua za vuli na masika, mawingu ya radi hupenda kujikusanya bara mchana, sababu nyingine ya kuwahi.

Nyegezi inastahili mchepuko. Kata kwenda Malimbe na Luchelele, uwaachie maroli lami yao. Huku ndiko mawe yanakusogelea. Mwamba huu ni matale, yaani graniti, umri wake unapita miaka bilioni 2.5, na uliumbika chini ya ardhi ukiwa na nyufa zilizokatana kama vigae. Maji yalipenya kwenye nyufa, yakalainisha kingo, udongo ukasombwa, yakabaki mawe ya duara yaliyopandana, mengine makubwa kuliko nyumba. Vijia hufuata zile nyufa za zamani, kwa hiyo vinanyooka ghafla na kupinda ghafla. Piga kengele kabla ya kila kona isiyoonyesha mbele. Changarawe hujikusanya ndani ya kona, hasa baada ya mvua, na hubiringika chini ya tairi kama gololi: nyoosha usukani, achia breki ya mbele, pita, ndipo upinde. Asubuhi salimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," au kwa mama, "Mwangaluka, mayu." Salamu hufungua njia kuliko kengele.

Simama dakika chache mbele ya jabali lililopigwa na jua la saa 2. Utaona mjusi dume amejiinua kwa miguu ya mbele, kichwa na mabega yake mekundu ya kuelekea waridi, mwili bluu iliyoiva, anapandisha na kushusha kifua. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, limebeba jina la Mwanza. Ukisogea anazunguka upande wa pili wa jiwe na kukuchungulia. Sehemu hii isiharakishwe.

Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo jina lake rasmi ni Daraja la J.P. Magufuli, lina urefu wa kilomita 3 na lilifunguliwa Juni 2025. Kabla yake palikuwa ni kungoja feri, na foleni ilikuwa inakula saa za asubuhi zile ambazo mwendesha baiskeli anazihitaji. Tatizo lililobaki ni upepo wa ubavuni. Juu ya maji hakuna mti wala jiwe la kuuzuia. Shika usukani chini kidogo, legeza viwiko, jiegemeze kidogo upande unakotoka upepo. Gari kubwa likikupita, kwa sekunde moja linakukinga, baiskeli inavutwa kuelekea kwake. Likishapita upepo unarudi kwa kishindo na kukusukuma. Ukilijua hilo unajiweka sawa mapema. Miwani ni lazima, kwa jua na kwa vijidudu vya ziwani ambavyo siku nyingine huinuka kama moshi juu ya maji. Vikikujia, funga mdomo, pumua kwa pua.

Kwa pancha beba tyubu mbili, viraka, solusheni, msasa, vijiti vitatu vya kutolea tairi, pampu, na kipande cha mnyororo chenye kiungio cha kufunga kwa mkono. Badilisha tyubu barabarani, ziba ukifika kivulini. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi, kwa sababu mwiba wa mgunga uliobaki utatoboa ya pili ndani ya dakika tano. Kitambaa kikinasa, mwiba uko hapo. Kuziba: kwangua kwa msasa eneo linalozidi kiraka, paka solusheni nyembamba, subiri dakika 3 hadi 5 mpaka isishike kidole, bandika, kandamiza dakika nzima. Viraka vingi vinavyoachia vilibandikwa solusheni ikiwa bado mbichi. Matundu mawili yaliyoongozana ni dalili kwamba upepo ulikuwa mdogo na rimu imeibana tyubu kwenye jiwe.

Maji: nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, pamoja na chumvi kidogo. Usichote ziwani. Usiingie kunawa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, huko kuna kichocho. Chakula bora cha njiani kimeshabuniwa na Wasukuma: matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa. Havivunjiki mfukoni, havichachi kwa joto, vinatafunwa hivyo hivyo. Usivichanganye na michembe, ambayo hukaushwa mbichi na huhitaji kupikwa. Anza kula baada ya saa moja ya mwendo, konzi ndogo kila nusu saa. Anayesubiri njaa ameshachelewa. Samaki na ugali viache mpaka urudi.

Kuanzia Buhongwa kuingia mjini magari huongezeka, daladala zinasimama ghafla na miguu imechoka. Panda umbali wa mkono mzima kutoka ukingo wa lami, usijifiche kwenye mchanga wa pembeni, maana kuurudia ukingo ukiwa kwenye mwendo ndiko kunakoangusha watu. Ukifika, kabla ya kuoga, futa rimu kwa kitambaa chenye maji, kausha mnyororo na uweke tone moja la oili kwa kila kiungo upande wa ndani, futa inayobaki. Kisha toa sindano yako, zichungulie raba za breki tena.