Kulala visiwani kwa ngalawa: nilivyojipanga na mwezi na maji

Watu wakisikia nalala visiwani kwa ngalawa, swali la kwanza huwa ni la hema. La aina gani, bei gani, linaingia watu wangapi. Mimi hema sina. Ninachoanza kujiuliza ni ngalawa italala wapi, na jibu lake nalitafuta kwenye mwezi kabla sijagusa mfuko wa nguo. Chombo kikishapata pa kulala, mtu hakosi pa kujinyoosha.

Nazungumzia maji ya Kilwa: Kisiwani, Sanje ya Kati, Songo Mnara na mafungu ya mchanga yaliyo katikati. Mjomba wangu ni mvuvi pale Kilwa Masoko na ngalawa ni yake. Mimi naishi Dar es Salaam, kazi yangu ni ya mezani, na likizo naiomba makusudi iangukie mwezi wa Kumi au wa Kumi na Moja. Wakati huo upepo wa kusi umeshapungua nguvu na kaskazi haujashika. Asubuhi bahari imetulia, mchana upepo unaingia taratibu kutoka mashariki. Sisi tunakwenda kusini na kurudi kaskazini, kwa hiyo upepo huo tunaupata ubavuni kwenda na kurudi. Hakuna kubisha, yaani kukata huku na huku dhidi ya upepo. Aliyewahi kubisha na ngalawa iliyojaa mizigo, maji yanamrukia usoni nusu siku nzima na ufukwe ule ule bado anauona pembeni, ataelewa kwa nini nasubiri miezi hiyo.

Sasa habari ya mwezi. Kila mtu wa pwani anajua bamvua: mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Kwetu tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu yanakuja maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Na kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mpaka hapo hakuna geni. Lakini ukitaka kulala nje na chombo, kuna jambo jingine la kuangalia: maji yanakua au yanapungua? Kutoka maji mafu kwenda bamvua, maji ya leo hufika juu kuliko ya jana, na ya kesho yatapita ya leo. Ukikalisha chombo mchangani siku hizo, kesho maji yatakuja kukichukua pale pale ulipokiacha. Bamvua likishapita, hesabu inageuka. Umekiacha juu kabisa ya ufukwe, kesho maji yanakomea chini yake, keshokutwa mbali zaidi, na ngalawa ya mti wa mwembe iliyolowa, pamoja na mirengu yake, zile mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke, haisukumwi na watu watatu.

Mjomba ana kisa cha vijana waliopwelewa hivyo upande wa Songo Mnara. Walifika bamvua limekomaa, wakafurahi kwamba chombo kimepanda juu, hakuna wimbi la kukigusa. Wakabaki kisiwani karibu wiki mbili wakingoja bamvua jingine. Kila akikisimulia anacheka upya, nami kila nikikisikia naangalia tarehe.

Kwa hiyo tunatoka siku ya 10 au ya 11 ya mwezi mwandamo. Siku hizo maji hujaa mchana kwenye saa 6 au saa 7, na usiku vivyo hivyo. Tunaondoka Masoko asubuhi yakiwa yanajaa, tunafika tunakokwenda yamejaa, tunaingia mpaka ndani bila kugusa mwamba. Na mwezi unakuwa juu tangu magharibi, mnafunga kamba na kupika bila tochi.

Mizigo nayo ina elimu yake. Mara ya kwanza kushuka na vitu vyangu pwani, mjomba alisimama akavitazama.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Hayo yote ni ya kwako, au tunampeleka bibi harusi?”

Ngalawa ni nyembamba. Mimi nikikaa ndani, nyonga zinagusa mbavu zote mbili. Begi la mgongoni halipiti, na likipita litalowa, maana maji yanaingia tu: kwa juu yanarushwa na wimbi, kwa chini yanavuja taratibu, na lazima mmoja awe na kata mkononi akifua maji. Siku hizi kila kitu changu kinakaa kwenye ndoo za rangi za lita 20 zenye mfuniko wa kubana. Moja ya nguo, shuka na chandarua. Moja ya mchele, unga, vitunguu, chumvi, kiberiti kilichofungwa ndani ya mfuko na mfuko wenyewe ndani ya mfuko mwingine. Zinapangwa mstari mmoja katikati ya chombo, kamba inapita kwenye mikono yote na kufungwa kwenye mti unaoshika mirengu. Tukipinduka, ndoo zinaelea na hazipotei. Madumu ya maji ya kunywa yanakaa chini kabisa, ndiyo farumi yetu, uzito wa kukituliza chombo. Nahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, pamoja na kupika, na sipunguzi. Kisiwani na Songo Mnara kuna watu na visima, lakini kwenda kumaliza maji ya kisima cha wenyewe kwa sababu mimi niko matembezini sioni kama ni ustaarabu.

Mkaa tunabeba kutoka Masoko. Mikoko imejaa kila upande, lakini kuikata bila kibali ni kosa, na hata isingekuwa kosa, kuni mbichi za mkoko kwenye upepo zitakutoa machozi tu. Kumbi za nazi zinasaidia kuwashia. Kabla ya kuvuka tunakata kibali cha kutembelea magofu ya visiwani ofisini pale Masoko, na asubuhi natazama taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, tunarudi nyumbani kunywa chai. Mjomba haamini sana simu, anaangalia mawingu ya mashariki, ila sikumbuki siku ambayo mawingu yake na taarifa yangu viligombana.

Kutoka bandarini mpaka kuipita Kisiwani ni raha tupu, maji yamekingwa. Kazi iko kwenye mlango kati ya Kisiwani na Songo Mnara, mahali bahari kuu inapoingia. Pale wimbi linakuja refu, upepo haukingwi na kitu, na mkondo wa maji yanayojaa unasukuma kuelekea ndani. Binamu yangu anakaa kwenye mti wa mrengu upande wa upepo, mjomba ameshika usukani, mimi nimeshika demani, kamba ya kuzuia tanga. Kuna wakati mkono uliniuma nikaanza kuizungusha kamba kwenye mti.

“Demani haifungwi, mjomba,” akasema, maana nasi tunaitana hivyo hivyo. “Inashikwa.”

Sababu niliiona kitambo kidogo baadaye. Upepo ulikuja kwa dharuba, mrengu wa chini ukazama wote, foromali, mti unaobeba tanga, ikalia. Nikaachia kamba, tanga likapepea, chombo kikainuka. Ingekuwa imefungwa, ningekuwa bado nahangaika na fundo. Tanga lenyewe ni la viraka, mifuko iliyoshonwa pamoja kwa uzi wa nyavu, na mjomba analo jingine dogo kwa siku za upepo mwingi. Tanga la ngalawa hulipunguzi, unatua kubwa na kutweka dogo, na kazi hiyo ni afadhali uifanye nchi kavu kabla hujatoka.

Tukifika, hakuna anayeshusha ndoo. Tunatia nanga kwenye maji ya kiunoni, tunakula tende na mihogo ya kuchemsha, tunangoja maji yashuke kama nusu. Hapo ndipo mjomba anashuka kutembea chini ya mahali anapotaka kukiweka chombo. Anatembea kwa kuburuta miguu ili kama kuna samaki taa amejifukia mchangani aondoke mwenyewe, na nyayo zake zinasoma chini: mchanga, mchanga, jiwe. Jiwe moja lenye chaza likikaa chini ya ngalawa usiku kucha, kila wimbi dogo linaisugua hapo hapo. Akilipata analing'oa na kulitupa mbali, kama haling'oki tunasogea. Akiridhika, tunakivuta na kukiacha kikae maji yanapokimbia. Hapo ngalawa inaishinda mashua: inakaa wima juu ya mirengu yake, hailali ubavu, na vilivyomo havimwagiki.

Nanga tunaichukua mbali kuelekea kilindini na kuifukia kwa mkono. Kamba nyingine inakwenda juu, kwenye mti. Mvule, mbuyu, mkadi, wowote ulio hai na mizizi. Saa 7 usiku, maji yakirudi, lazima mtu awe macho. Mimi ndiye naamka, kwa sababu mjomba ameshafanya kazi ya siku nzima na binamu haamshiki. Naingia majini mpaka magotini, nashika kamba ya nanga na kuivuta taratibu mpaka nihisi imegoma. Kisha nakaa mchangani nikiitazama ngalawa inavyoanza kutikisika, inainuka mkia kwanza, inageuka kufuata mkondo. Ikishatulia nalegeza kamba ya juu kidogo na kurudi kulala. Maji yakipwa itakaa tena, hatua chache kutoka ilipokuwa.

Kulala kwenyewe ni rahisi. Tanga tunalishusha na foromali yake, upande mmoja wa foromali unakaa kwenye panda ya mti, mwingine juu ya makasia mawili yaliyofungwa msalaba, na pembe za tanga zinabanwa kwa mchanga. Chini yake chandarua. Tanga lina chumvi na chumvi inavuta umande, kwa hiyo alfajiri linadondosha matone, na nguo za kuvaa kesho zinabaki ndani ya ndoo. Adui mkubwa ni usubi. Karibu na mikoko, jua likishuka na upepo ukikata, chandarua cha kawaida hakiuzuii, unapita matundu yake. Ndiyo maana tunalala upande wenye upepo hata kama upande wa mikoko ni mzuri zaidi kwa chombo, kisha tunatembea kwenda kukitazama. Hapo tu ndipo nakubali kulala mbali na ngalawa.

Siku ya kukaa tunakwenda kwenye magofu ya Songo Mnara. Kijijini tunapiga hodi kwanza kwa mwenyekiti, tunaeleza tumelala wapi na tunaondoka lini. Njia ya magofuni inapita mikokoni, na maji yakipwa unatembea kwenye tope. Mji ule ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa karne ya 16: misikiti mitano, jumba kubwa, nyumba zaidi ya 30 za mawe ya matumbawe. Kisiwani ina jina kubwa zaidi, ina Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, na Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331. Lakini mimi napenda Songo Mnara, maana unaingia sebuleni kwa mtu, unaona vishubaka ukutani. Wanahistoria husema Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa safari ambayo jahazi la Uarabuni liliweza kuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi ndani ya msimu mmoja. Waliozidi kusini walilazimika kungoja. Nikimwambia mjomba hayo, akajibu kwamba kumbe hata matajiri walikuwa wakipwelewa.

Jioni tunakwenda kwenye dago la wavuvi, kambi yao ya muda, kununua samaki. Changu au tasi, wabichi kabisa. Bei mnaelewana ukiwa umeshasalimia watu wote, si kabla, na ukija na sukari au majani ya chai unaongezewa. Wavuvi wa dago wanaishi hivi kwa majuma, hakuna anayeona kwamba tunafanya jambo la ajabu. Wanachoshangaa ni kwamba nalipa nauli ya basi kutoka Dar kuja kufanya kwa hiari.

Wapo wanaonishauri tufunge mashine. Sina ugomvi na mashine, ila petroli ingekula nafasi ya ndoo mbili, na maji yakishapwa mashine na tanga vinakaa mchangani pamoja. Kurudi tunaondoka mchana maji yakianza kuinua chombo. Kufikia siku ya 14 yanajaa saa 9 au saa 10 alasiri, kwa hiyo tunaingia Masoko nayo, na ngalawa inafika mpaka karibu na vibanda vya samaki bila mtu kushuka kusukuma. Mjomba ameshaagiza safari ijayo nije na kamba mpya ya nanga, ya milimita 12. Ya sasa imeanza kutoa nyuzi karibu na pete, na anasema kuikata na kuifunga upya itatosha kwa kuvulia, si kwa kulalia.