Siku niliyoambiwa mtandao uko chini

Nilitoka Mishomoroni, huko Kisauni, kwenda kisiwani Mombasa saa moja kasorobo asubuhi nikiwa na bahasha moja na nia moja: nipigiwe muhuri, kisha nirudi kwenye cherehani kabla ya saa nne. Nilikuwa na madera manne ya harusi ya Jumamosi na hata moja halijatiwa shingo. Ofisi yenyewe siitaji, maana bado nahitaji muhuri wao. Kijana wa dirishani hata bahasha hakuifungua.

"Mama, mtandao uko chini. Njoo saa tisa."

Saa tisa! Kurudi Kisauni na kuja tena ni nauli mara mbili na foleni ya daraja la Nyali mara mbili. Nikajiambia, haya, leo nitakuwa mtalii. Nimezaliwa kisiwa hiki hiki, na Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, niliwahi kuingia mara moja tu, darasa la sita, na ninachokumbuka ni kwamba ndala yangu ilikatika mkanda nikatembea peku mpaka kwenye basi.

Tumbo kwanza. Mahamri mawili na mbaazi za nazi kwa mama mmoja anayeuza kwenye kona, mbaazi nzito, nazi haikuibiwa. Kisha nikaingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu. Wageni wakikisoma kibao hudhani aliyekiandika alikosea. Hakukosea. Kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, njia ni ndia, na njoo ni ndoo. Ni barabara ya tangu enzi za Wareno, na upana wake ni wa enzi hizo hizo: tuktuk na mkokoteni wa maji wakikutana, mmoja lazima amsitiri mwenzake.

Mimi ni fundi wa nguo, sijui kutazama kitu bila kukipima. Watu huja huku kupiga picha milango. Mimi nilisimama mbele ya mmoja kama ninavyosimama mbele ya gauni lililotundikwa dukani kwa mwenzangu, nikitafuta fundi alipoanzia. Kwenye fremu kulikuwa na mnyororo uliochongwa ukipanda kutoka chini, ukapita juu, ukashuka upande wa pili. Ndani ya mnyororo, majani. Ndani ya majani, maua. Katikati, mbao mbili zinapokutana, kuna mfaa, ule mti uliosimama wima kuziba mwanya. Nikacheka peke yangu, kwa sababu huo ni ukanda ule ule tunaoushona mbele ya shati ili vifungo visionekane. Seremala na fundi cherehani wamekutana na shida moja, mwanya, na kila mmoja akauficha kwa kitu kizuri.

Nikatoa risiti ya nyuzi kwenye mkoba, nikaigeuza, nikaanza kuuchora ule mnyororo. Sikuwa nimemwona bibi aliyeketi barazani mlango wa pili.

"We mwana, wachukua vipimo vya mlango wa watu?"

"Shikamoo bibi. Nachukua ua tu, la shingo ya dera."

"Marahaba." Akanitazama nikichora kwa muda. "Lakini hilo ua la tatu limeliwa na mchwa. Usilifuate."

Nikasogea karibu. Kweli, la tatu halikuwa ua tena, ni shimo lililopakwa rangi. Nikaacha nafasi kwenye karatasi.

Kutoka hapo nilifuata kichochoro bila mpango, chini ya roshani zile za mbao zenye vitobo, ambazo wanawake walikaa nyuma yake wakaiona barabara nzima bila wao kuonekana. Bila shaka walijua habari za mtaa kabla ya mwenye habari. Nikapita Msikiti wa Mandhry, ule mweupe wenye mnara mnene chini na mwembamba juu, unaohesabiwa kuwa wa 1570 hivi. Mbele yake kuna kisima. Nikashuka mpaka karibu na bandari ya zamani, nikanunua kahawa tungu kwa mzee mwenye dele la shaba, kikombe kidogo cha tangawizi kali, na kashata moja ya kuituliza. Majahazi yalikuwa mawili tu. Mzee akasema zamani ungevuka maji kwa kukanyaga majahazi. Wazee wa bandarini wote husema hivyo, lakini sikumpinga.

Fort Jesus nililipa kwa simu, na simu ilipitisha malipo mara moja. Basi mtandao ulikuwa chini kwa nani?

Ndani nilisimama kwanza kwenye ramani. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na aliyeichora alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Husemwa kwamba aliipa ngome umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Wengine waone mtu. Mimi niliona gauni la mtoto lililolazwa mezani kabla ya mkasi kupita: shingo ile pale, mikono hii, na pembe zote zimekatwa kwa mshazari ili zisikae vibaya. Yule Mtaliano angekuwa fundi mzuri.

Hadithi ya ngome hii ni ndefu, na mimi nilinasa sehemu moja. Machi 1696 Waomani waliizingira, na mzingiro ukachukua miezi 33, hadi Desemba 1698. Meli ya Santo António de Tanná iliyokuja kuwasaidia Wareno ilizama hapo mbele mwaka 1697, na vitu vilivyotolewa chini ya maji vimewekwa humo ndani, vimefungiwa kwenye vioo. Walioanguka kwa maradhi na njaa ndani ya kuta walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Mimi nikabaki nawaza jambo la kipuuzi: miezi 33 kwa joto hili na jasho hili, nguo zao zilikuwaje? Kwapa la shati la kazi, hapa pwani, haliishi mwaka. Vibao vinataja mizinga na makapteni, na sindano havikuitaja hata moja.

Kuna ukuta wenye michoro ya Wareno wenyewe, meli na watu, iliyochorwa kama anavyochora mtoto pembeni mwa daftari. Nilikaa hapo kuliko pengine popote, kuliko hata kwenye ule mfupa mkubwa wa nyangumi ambao watoto wa shule walikuwa wakiupigia kelele. Askari wamechoka kungoja, wakachora meli. Mimi nangoja saa tisa, nimechora mlango.

Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliigeuza jela. Neno lenyewe, gereza, inasemekana tulilitoa kwa Wareno, kwao likiwa kanisa. Nikatoka haraka, kwenye vile vyumba vya mawe hewa haitembei.

Nikapanda mpaka Biashara Street, kwa sababu fundi akiwa mjini bila kupita huko basi ni mgonjwa. Madukani leso zimepangwa hadi darini, doti juu ya doti, zingine na ile chapa ya Mali ya Abdulla pembeni. Muuzaji kijana alikuwa akimweleza mgeni wa bara kwamba leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, jina lililoandikwa, na katikati ni mji. Nimeshona leso miaka kumi na saba nikisema "mji" bila kulisikia neno. Nikaitazama ile doti ya zambarau: pindo limebana pande zote nne, mji umeachwa wazi ndani, una maua machache tu. Nikainunua, ingawa sikuihitaji. Marikiti nilipita mbio tu, mabuyu ya watoto na iliki robo, jua lilikuwa limeshaniweza.

Saa tisa kamili nilikuwa dirishani. Kijana alikuwa yule yule. Mtandao ulikuwa umerudi, ila anayepiga muhuri alikuwa ametoka.

"Alhamisi, mama."

Usiku nikaitoa ile risiti. Shingo ya kwanza niliiharibu, kwa sababu mnyororo wa mlangoni unakwenda wima na shingo inakwenda mviringo. Ukiuzungusha, majani yanalaliana. Nikafumua. Ya pili nikapunguza majani, ikakaa. Nikafika kwenye ile nafasi niliyoiacha, ua la tatu. Nimeangalia la pili, nimeangalia la nne, hayafanani, kwa hiyo sijui la tatu lilikuwaje. Nikatia duara tupu la uzi wa dhahabu, saizi ya shimo la mchwa. Bibi harusi amelipenda hilo kuliko mengine, anataka na mikononi liwepo.