Tela la Kambi kwa Njia ya Mkwaja

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitafuta tela la kambi la kukokotwa na Prado yetu ya zamani, na maswali niliyoanza nayo siyo niliyobaki nayo. Nilianza kwa kuuliza tela lina vitanda vingapi na jiko lake linafunguka vipi. Siku hizi, mtu akinionyesha tela, nalala chali chini yake na tochi kabla sijatazama kingine chochote.

Kilichonigeuza ni tela la kuazima. Mwaka jana tuliondoka Tanga tukiwa watu sita, tukapita Pangani, tukavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha tukashika njia ya Mkwaja kuelekea Saadani, hifadhi pekee ya taifa nchini inayopakana na Bahari ya Hindi. Tela lenyewe lilipendeza macho: makabati ya aluminiamu, sinki, na hema linalokunjuka juu yake. Pale kivukoni ndipo lilipoanza kutuonyesha tabia yake, kwani gari lilikuwa limekwisha kupanda, na magurudumu ya tela yalipoanza kufuata, mkia wake mrefu ukasaga zege kwa nyuma huku abiria wakitutazama kwa huruma.

Mbele kidogo ya Mkwaja, binti yetu mdogo akasema ananusa mafuta yanayoungua. Nilishuka, nikagusa habu, yaani kitovu, ya gurudumu la kushoto la tela kwa mgongo wa kidole, na nikauondoa mkono upesi kuliko nilivyoupeleka. Grisi ilikuwa imekwisha na beringi imesagika. Fundi aliyekuja kwa pikipiki, kijana mpole mwenye spana zake ndani ya mfuko wa sulfeti, aliniuliza swali moja tu: "Samahani mzee, hii habu ni ya gari gani?" Sikuwa na jibu. Beringi ya kipimo kile haikupatikana Mkwaja wala Pangani, nasi tukalala kijijini siku mbili kwa hisani ya wenyeji.

Tangu hapo sharti langu la kwanza ni kwamba habu, beringi na rimu za tela ziwe sawa na za gari. Prado ina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, na tela lenye mpangilio huohuo hulifanya tairi moja la akiba kuwa tegemeo la magurudumu sita. Upana kati ya magurudumu nao ulingane. Watu wengi hulipuuza hili, lakini kwenye mchanga, au kwenye udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, tela linalokanyaga ndani ya nyayo za gari hufuata kwa utulivu, ilhali lililo jembamba au pana zaidi hulazimika kujilimia njia yake, na gari ndilo linalolipa kwa mafuta na kwa klachi.

Kuhusu springi, mimi na mke wangu hatujaafikiana. Yeye anataka kila gurudumu liwe na mkono wake, springi ya mviringo na shokapu, kwa sababu mayai na vyombo husalimika zaidi, na sina ubishi juu ya mayai. Mimi naegemea springi za vyuma bapa, kwa kuwa bapa likivunjika, fundi yeyote anayehudumia malori atapata kipande cha kufanana, lakini mkono uliopinda huko porini ni habari nyingine kabisa.

Uzito nao hudanganya. Tela huuzwa tupu, lakini hakuna anayesafiri nalo tupu: maji lita 60 ni kilo 60, bado mtungi wa gesi, vyakula, magodoro na jeki. Takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote inatakiwa kuegemea kwenye ndoano ya gari. Ikipungua sana tela huyumba, ikizidi sana gari hukaa chini nyuma na taa zake humulika matawi ya miembe. Ndiyo maana tangi la maji nalitaka chini, karibu na ekseli. Breki za tela lenyewe ni lazima, wala sizijadili hata kidogo, kwa mtu anayekusudia kushuka milima ya Amani au Lushoto akiwa na watoto.

Chumvi ya bahari ni adui wa kimya. Tela moja nililoonyeshwa lilikuwa limepakwa rangi nyeusi inayong'aa, lakini nilipogonga kiungo cha kuchomelea kwa bisibisi, rangi ilibanduka kama ganda la yai bovu na unga wa kahawia ukanimwagikia usoni. Kwa sisi tunaokaa pwani, fremu iliyochovywa kwenye zinki inastahili gharama yake.

Matela ya Ulaya bara nimeyaacha, maana mlango wao huwa upande wa kulia, ambao kwetu ni upande wa magari yanayopita.

Mwishowe nimeafikiana na fundi wa hapa Tanga anitengenezee fremu mpya, yenye mkia mfupi. Juzi alikuja nyumbani, akapima upana kati ya magurudumu ya Prado kwa kamba ya katani, akaipiga mafundo mawili na kuining'iniza msumarini karakana kwake. Ekseli itakatwa kwa kipimo hicho. Suala la springi bado linajadiliwa mezani.