Miezi mitatu bila testosteroni

Baba alifariki 2016 akatuacha wawili, mimi na dada yangu. Watoto wa dada wana majina ya kwao upande wa baba yao. Kwetu Kakamega marehemu hukumbukwa kwa kupewa mtoto jina lake, na mama, pamoja na miaka yake thelathini na zaidi hapa Nakuru, hajalegeza hilo hata kidogo. Nilipomwambia nimeamua kutolewa kizazi na ovari, hakuniuliza habari ya kanisa wala majirani. Alinyamaza, akaniuliza, "Na baba yako ataitwa na nani?"

Mimi ni mwanamume wa transi, yaani nilipozaliwa niliandikwa msichana, na ni fundi wa mageti Kaptembwo, hapa Nakuru. Wakati huo nilikuwa nadungwa testosteroni, homoni ya kiume, mwaka wa nne, hedhi ilishakoma siku nyingi, na habari ya kuzaa nilidhani nimeimaliza. Swali la mama lilinikaa kooni wiki nzima. Nikaona kwamba kumbe sikuwahi kuamua. Niliacha tu mambo yajiamulie yenyewe.

Nilikuwa nimesoma kuhusu kugandisha vipande vya ovari, na hilo ndilo nililolitaka. Upasuaji nitafanyiwa vyovyote vile. Ovari zikishatoka, wachukue ile nyama yake yenye mayai machanga, waigandishe, basi. Hakuna sindano za kukuza mayai, hakuna kusimamisha testosteroni. Daktari niliyempata Nairobi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua karatasi akanichorea ovari mfano wa parachichi lililopasuliwa. Mayai machanga, alisema, yako huku kwenye ganda. Ganda hilo hukatwa vipande vyembamba na kuwekwa kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sufuri. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Ubelgiji 2004, mama yake akiwa ametibiwa saratani, na mwaka 2019 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliacha kuiita njia ya majaribio. Msichana mwenye saratani ambaye hajabalehe hawezi kukuzwa mayai, kwa hiyo kwake ndiyo njia iliyopo.

"Sasa niambie," akasema, "wewe vipande hivyo tutakuja kuvifanyia nini?"

Hapo nilikwama. Karibu watoto wote waliopatikana kwa njia hiyo wametokana na vipande vilivyorudishwa mwilini, vikashika, vikaanza tena kutoa mayai na estrojeni, homoni ya kike. Maana yake nirudishiwe kitu kile kile ninachokwenda kutolewa. Kuyakomaza mayai hayo maabara, bila kuyarudisha kwa mtu, bado watafiti wanahangaika nako. Wako wanaogandisha wakitumaini siku moja itawezekana, na siwalaumu hata kidogo. Mimi nilitaka kitu ambacho nitamwambia mama kipo, na kinaweza kutumika leo.

Tukakubaliana kukuza mayai yenyewe na kuyagandisha. Daktari wangu alitaka kwanza nisimamishe testosteroni miezi mitatu, ingawa si madaktari wote wanaodai muda mrefu hivyo. Mwezi wa tatu hedhi ilirudi nikiwa juu ya ngazi, nafunga geti la watu Milimani. Nilishuka, nikamwambia kijana wangu amalizie, nikaenda kulala na nguo za kazi. Sitaipamba siku ile. Kilichonishikilia ni kwamba sauti haikurudi nyuma na ndevu zilibaki mahali pake.

Lakini kabla ya daktari huyu niliwahi kwenda kliniki nyingine. Mhudumu wa mapokezi alisoma kwa sauti jina lililo kwenye kitambulisho changu, ukumbi ukiwa umejaa. Watu wakageuka kumtafuta huyo mwanamke, wakaniona nasimama mimi. Halafu nikapewa fomu yenye nafasi ya sahihi ya mume. Niliiacha mezani nikatoka. Kwa hiyo safari ya pili nilipiga simu kwanza na kuomba mambo matatu: niitwe kwa namba ya faili, picha ya ovari ipigwe juu ya tumbo badala ya kupitia chini, na nipewe letrozoli, vidonge vinavyopunguza estrojeni wakati mayai yanakuzwa. Yote matatu yalikubaliwa. Ndugu yangu unayesoma hii, omba. Usingoje wakukisie.

Sindano zilihitaji baridi na chumba changu hakina friji. Nikampelekea mama wa duka jirani, aziweke pamoja na maziwa. Akaigeuza ile boksi mkononi. "Fundi, hii ni ya sukari?"

"Ni ya mtoto," nikamjibu.

Hakuuliza tena. Kila jioni saa moja alikuwa ameshaitoa, ameifunga kwenye mfuko wa karatasi, ananipa juu ya kaunta kama mkate. Najidunga vidole viwili kando ya kitovu, leo kulia, kesho kushoto. Siku kumi na moja. Katikati yake nilikwenda Nairobi mara tatu na matatu ya saa kumi alfajiri, na kuanzia Limuru nakunywa maji, kwa sababu picha ya juu ya tumbo haionekani vizuri kibofu kikiwa kitupu.

Sindano ya mwisho ina saa yake, haitaki mchezo. Nilijidunga Jumatatu saa nne kamili usiku, dada ameshika simu anahesabu dakika, ili mayai yatolewe Jumatano saa nne asubuhi, saa thelathini na sita baadaye. Nililazwa usingizi, na sindano ya kuyatoa mayai ilipita chini, hilo halikuepukika. Nilipoamka niliambiwa yametoka mayai kumi na manne, yaliyokomaa kumi, na hayo kumi yamegandishwa. Daktari alinikumbusha kwamba mengine huharibika yakiyeyushwa na mengine hayatungi mimba. Nilimwelewa. Nilikuwa nimeuza pikipiki yangu ya pili kulipia yale yote, na sijaijutia.

Jumatatu iliyofuata nilidungwa testosteroni. Upasuaji ulikuja miezi mitano baadaye. Huko nikajua kwamba mtu anaweza kutolewa kizazi ovari zikaachwa. Anayesitasita na aulize hilo mapema, mimi nililisikia nikiwa nimeshaamua.

Ada ya kuhifadhi ni ya kila mwaka, nailipa Agosti kwa simu. Mama huanza kunikumbusha Julai. "Baba, watoto wamelipiwa?" Mwezi uliopita alinituma nimletee kitabu chake cha chama, nikakifunua kwa nyuma. Ameandika jina la marehemu, mbele yake namba 10, na chini tarehe ya kila malipo niliyowahi kumtajia.