AC inanuka choo? Angalia trapu kabla hujalipia sevisi

Kila mwaka ni yaleyale. Kuanzia Juni mpaka Agosti Dar inapoa, watu wanazima AC wanalala na feni, joto likirudi unabonyeza rimoti chumba kizima kinanuka mayai viza. Fundi anaitwa, anaosha filta, analipwa, harufu ipo palepale. Inaniuma kwa sababu mara nyingi kinachokosekana pale ni maji tu.

Iko hivi, AC ikipooza hewa inatoa maji, yanashuka kwenye kile kipaipu chembamba, na ghorofani mafundi wengi wanakipitisha ukutani wanakiunga moja kwa moja na bomba la maji taka la bafuni. Kama waliweka trapu, ule mkunjo unaobaki na maji, basi maji hayo kama sentimita 5 ndo yanazuia gesi ya chemba isipande. AC ikikaa miezi imezimwa yanakauka, njia inabaki wazi. Kama hawakuweka trapu kabisa utanusa mwaka mzima, na usijipe moyo kwamba imeisha, pua huwa inazoea, atakayekwambia ukweli ni mgeni.

Ila tofautisha harufu. Ikinuka kama nguo mbichi zilizolala kwenye ndoo, hiyo ni ukungu kwenye koili, ile sehemu ya ndani inayopooza hewa, hapo sevisi ni halali yake.

Ikiwa ni ya choo, zima AC kwenye swichi ya ukutani, fungua kava, toa filta, mimina maji safi kikombe kimoja au viwili taratibu sana juu ya zile bati nyembamba za koili, upande wa mbali na nyaya, yatashuka kwenye trei mpaka kwenye trapu. Jiki usimimine jamani, inakula alumini. Halafu miezi ya baridi usiiache imekufa kabisa, iwashe kwenye kupooza saa moja hivi kila baada ya wiki mbili, hewa ya Pwani ina unyevu wa kutosha kuijaza tena trapu.

Mnaojenga sasa hivi ndo mna bahati, mwambieni fundi kabla hajapiga plasta: kipaipu cha AC kisiungwe na maji taka, kiishie nje, au kidondokee juu ya trapu ya sakafu ya bafuni kikiwa kimeachiwa nafasi, maana ile inapata maji kila mtu anapooga.