Kulaza na kuamsha skrini ya mguso kwenye Linux

Kifaa chenyewe ni cha mkononi, cha kusomea mita za maji: bodi ndogo ya ARM inayoendesha Linux, betri moja, na skrini ya mguso inayoongea na prosesa kupitia basi ya I2C, njia ya nyaya mbili ambayo chipu kadhaa huitumia kwa pamoja. Draiva ya skrini, yaani programu inayoiendesha, tuliikuta imeandikwa vizuri tu, ila ndani yake hamkuwa na lolote kuhusu usingizi. Kifaa kikilala, umeme wa skrini unakatwa. Kikiamka umeme unarudi, lakini chipu ya mguso imeshasahau kila kilichoandikwa kwenye rejista zake (vihifadhi vidogo vya mipangilio ndani ya chipu) wakati wa kuwaka. Picha ipo, kidole hakisomeki. "Fundi, hiki kikilala ndiyo basi tena, mpaka ukizime ukiwashe," ndivyo wasoma mita walivyokuwa wananiambia. Wengi wakaishia kukizuia kisilale kabisa, na betri ikawa inaisha kabla zamu haijaisha.

Upande wa kerneli, yaani kiini cha Linux, pa kuingilia ni muundo uitwao dev_pm_ops. Unaandika fanksheni mbili, moja ya kulaza na moja ya kuamsha, kisha makro ya DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS inakujazia nafasi sita: suspend na resume, pamoja na zile nne za kulala kwa kuhifadhi kumbukumbu kwenye diski. Unaipachika kwenye draiva kwa pm_sleep_ptr, na kerneli ikijengwa bila CONFIG_PM_SLEEP, chaguo la usingizi, msimbo huo wote unatupwa wenyewe. Zamani tulikuwa tunazungushia #ifdef au kubandika __maybe_unused ili kompaila isilalamike. Sijawahi kuupenda ule uchafu.

Ndani ya fanksheni, mpangilio ndio kila kitu. Wakati wa kulaza nilianza na disable_irq, ambayo haifungi intarapti tu (ishara ambayo chipu huitumia kuiita prosesa), inasubiri pia uzi, yaani kipande cha programu, unaoishughulikia umalize. Baada yake regcache_cache_only, inayoelekeza maandishi kwenye kashe tu, yaani nakala ya rejista iliyo kwenye kumbukumbu, ili mtu akijaribu kuandika rejista asiiguse chipu iliyozimwa. Halafu regcache_mark_dirty, inayoweka alama kwamba chipu haifanani tena na kashe, na mwisho regulator_disable, inayokata umeme. Wakati wa kuamsha ni kinyume chake: washa umeme, subiri milisekunde ambazo karatasi ya data ya chipu inazitaka, ondoa cache_only, ita regcache_sync irudishe kashe kwenye chipu, ndipo uite enable_irq.

Hiyo mark_dirty ni mstari mmoja unaoonekana kama pambo. Uondoe uone: regcache_sync inaikuta kashe ni safi, inarudisha sifuri, na haijaandika hata rejista moja. Kwenye logi hakuna kosa. Kila fanksheni imefaulu, na kidole bado hakisomeki.

Kupima sikuanza na usingizi wa kweli, kwa sababu kifaa kikigoma kuamka unabaki umekodolea macho kioo cheusi. Niliwasha kerneli na no_console_suspend ili konsoli ya siriali isinyamaze, kisha nikaandika "devices" kwenye /sys/power/pm_test na "mem" kwenye /sys/power/state. Kwa hali hiyo kerneli inagandisha programu, inalaza vifaa, inasubiri sekunde 5, halafu inaamsha vyote bila prosesa yenyewe kulala. Skrini ikaitika vizuri.

Wasoma mita wakaomba jambo la pili: waguse skrini, kifaa kiamke. Ombi la haki, maana kitufe cha pembeni ukiwa na glavu kinakera. Kwa hiyo tawi jipya: device_may_wakeup ikisema ndiyo, yaani skrini imeruhusiwa kuamsha kifaa, umeme wa skrini hatuukati, disable_irq hatuiiti, tunaita enable_irq_wake, ili intarapti yake iweze kuamsha kifaa, na kutoka. Ni mistari michache, na ndiyo iliyonilia muda kuliko mengine yote.

Kipimo cha "devices" kilipita. Nilipopanda hadi "platform", kipimo kinachoingia ndani zaidi ya usingizi, na kugusa skrini ndani ya zile sekunde 5, konsoli ikamwaga onyo refu: "Transfer while suspended", na usomaji wa chipu ukarudi na namba ya kosa -108. Onyo hilo kerneli hulitoa mara moja tu kwa kila adapta, yaani kidhibiti cha basi ya I2C. Makosa yanayofuata hupita kimya, kwa hiyo ukilikosa mwanzoni umelikosa. Baada ya hapo skrini ikafa kabisa. Sababu ni kwamba chipu ilishusha waya wa intarapti na kuushikilia chini hadi data yake isomwe, nasi tulikuwa tumesajili intarapti ya ukingo, inayoita pale tu waya unaposhuka. Usomaji ukishindwa, waya haupandi. Usipopanda, hakuna ukingo mwingine.

Kerneli inajua kwamba skrini ni mtoto wa kidhibiti cha I2C: mtoto hulala kwanza, mzazi huamka kwanza. Lakini utaratibu huo unatawala fanksheni za kulaza na kuamsha, hautawali intarapti. Kulala kuna hatua: prepare, suspend, suspend_late, suspend_noirq, na kuamka kunarudi kwa njia hiyohiyo kinyumenyume. Intarapti za vifaa hufunguliwa mara tu hatua ya noirq inapokwisha, na kidhibiti chetu cha I2C kilikuwa kinasubiri hatua ya resume, mbele zaidi. Mgeni anabisha hodi na mwenye ufunguo bado kalala. Kipimo cha "devices" hakifiki noirq, ndiyo maana hakikuona kitu.

Mwenzangu alitaka tuuambie uzi wa skrini usubiri hadi basi iamke. Ingefanya kazi, ila kwenye basi hiyohiyo kuna kipima betri, na kesho nacho kingetaka kuamsha kifaa. Nikaona tiba iwe kwa mzazi: fanksheni za kidhibiti nikazihamishia hatua ya noirq, kama ilivyo kwenye i2c-tegra ndani ya kerneli kuu, baada ya kuhakikisha saa inayokiendesha inawashika mapema kiasi hicho. Kwenye mti wa vifaa, faili linaloieleza kerneli vifaa vilivyopo, nikabadilisha intarapti ya skrini kutoka ya ukingo kuwa ya kiwango, ili waya ukibaki chini tuitwe tena.

Kisha nikaacha skripti ikizunguka usiku kucha na rtcwake -m mem -s 20, amri inayokilaza kifaa na kukiamsha baada ya sekunde 20. Asubuhi nikafungua /sys/power/suspend_stats, takwimu za kulala. Kwenye fail, idadi ya mara ilizoshindwa, kulikuwa na namba, moyo ukanipiga kidogo; nikasoma last_failed_dev, nikakuta 1-1, yaani bandari ya USB inayokaa modemu. Skrini haikutajwa. Nikamtumia logi jamaa anayeshughulika na modemu, nikapeleka viraka vyangu, yaani mabadiliko ya msimbo, vikapitiwe.